Mackay, Mzungu wa Kazi

1. Vyombo vya Nyanza

Mtu asimamaye asubuhi ukingoni mwa ziwa pale Mwanza huona vyombo vya namna nyingi. Yuko mvuvi apigaye kasia peke yake, akirudi na samaki wa usiku. Iko mashua iliyotweka tanga, nayo yainama upande kwa upepo. Iko mitumbwi yenye injini ndogo nyuma yake, ivumayo kama nyuki. Tena iko meli kubwa, yenye abiria na shehena, itokayo bandarini polepole.

Vyombo hivi vyote huelea juu ya maji yale yale, lakini nguvu iviendeshayo si moja. Cha kwanza huenda kwa mikono ya mtu, cha pili kwa upepo, na vile vingine kwa moto wa mafuta. Tena kila nguvu ina gharama yake. Mikono huchoka, upepo hukoma, na mafuta hununuliwa kwa fedha nyingi na kutoa moshi.

Habari tutakayosoma hapa ni ya mtu mmoja aliyekaa kando ya ziwa hili zamani za babu za babu zetu. Muda wa miaka 14 alitafuta nguvu ya kuchukua mizigo ili mabega ya watu yapumzike. Alijaribu mito, akajaribu ng'ombe, akajaribu upepo, akajaribu na mvuke. Jina lake ni Alexander Mackay.

2. Mtoto aliyependa magurudumu

Mackay alizaliwa tarehe 13 Oktoba, mwaka wa 1849, katika kijiji cha Rhynie, nchi ya Uskoti. Baba yake alikuwa mchungaji wa kanisa na mtu wa elimu nyingi, aliyeandika vitabu vya jiografia. Hakumpeleka mwanawe shuleni mapema, bali alimfundisha mwenyewe nyumbani mpaka alipopata miaka 14. Walipotembea pamoja mashambani, baba alichora ramani mavumbini kwa fimbo yake, na mtoto akajifunza mito na milima ya nchi za mbali.

Lakini mtoto huyu alipenda vile vile kazi za mikono. Alikwenda kwa mhunzi akitazama chuma chekundu kikipigwa. Alikwenda kwa seremala, na kwenye kinu cha kusagia nafaka. Zaidi ya yote alipenda gari la moshi. Kituo cha reli kilikuwa Gartly, mwendo wa maili 4 kutoka kwao. Mara nyingi alikwenda kwa miguu mpaka huko, akaitazama injini kwa muda wa dakika 2 na nusu, maana haikusimama zaidi ya hapo, kisha akarudi maili 4 nyingine. Watu wengine waliona ni upuuzi kutembea maili 8 kwa ajili ya dakika 2. Yeye aliona faida, kwa kuwa alitaka kujua ni kitu gani kinachokokota mabehewa yale yote.

Kitu hicho ni mvuke. Tazama sufuria ya maji jikoni: maji yakichemka, kifuniko hurukaruka. Sababu yake ni hii: kikombe kimoja cha maji kikigeuka kuwa mvuke hutaka nafasi ya vikombe 1,600 na zaidi. Mvuke ukikosa nafasi, husukuma kila kitu kilicho mbele yake. Basi mafundi hutengeneza chombo kikubwa cha chuma, kilichofungwa pande zote, kiitwacho boila. Ndani yake hutiwa maji, na chini yake huwashwa moto. Mvuke hupitishwa katika bomba mpaka kwenye mtambo, nao husukuma kipande cha chuma mbele na nyuma, na chuma kile huzungusha magurudumu. Hivyo kuni au makaa ya mawe huwa nguvu ya kukokota mizigo.

3. Fundi aitwa Afrika

Mackay alipokuwa kijana alisoma ualimu mjini Edinburgh, kisha akasoma uhandisi, yaani elimu ya mitambo. Katika mwaka wa 1873 alikwenda Ujerumani, akafanya kazi mjini Berlin katika kampuni ya kutengeneza mitambo. Kazi yake ilikuwa kuchora picha za mitambo kabla haijatengenezwa, na wakuu wake wakamsifu kwa akili na bidii. Njia ya cheo na mshahara mkubwa ilikuwa wazi mbele yake.

Basi katika mwaka wa 1875 msafiri Henry Stanley alikuwa katika nchi ya Buganda, akamwona Kabaka Mutesa. Akaandika barua, nayo ikatokea katika gazeti moja la London mwezi wa Novemba mwaka ule ule. Barua ilieleza kwamba Kabaka ataka walimu, tena wawe watu wawezao kufundisha kazi za mikono pamoja na dini. Mackay akajitoa mwenyewe kwa chama cha wamishenari, naye akakubaliwa. Tarehe 27 Aprili, mwaka wa 1876, akaondoka Uingereza pamoja na wenzake, na mwisho wa Mei akafika Unguja. Alikuwa na umri wa miaka 26, mdogo kuliko wote katika kundi lile.

4. Mito, ng'ombe na mbung'o

Kutoka pwani mpaka Nyanza ilikuwa safari ya maili 700 na zaidi, na hapakuwa na chombo chochote cha kuchukua mizigo ila mabega ya watu. Wapagazi wa siku zile, hasa Wanyamwezi na Wasukuma, walikuwa wasafiri hodari kupita wote. Kila mmoja alichukua mzigo wa ratili 60 au 70, tena pamoja na kitanda chake na chungu chake. Walipita katika jua, katika matope na katika nyika isiyo na maji kwa muda wa miezi. Wengi waliugua njiani, na wengine hawakurudi makwao. Pembe nyingi za ndovu zilifika pwani mabegani mwa watumwa. Mackay aliyaona mambo hayo kwa macho yake, akafikiri kwamba nchi ikipata nguvu nyingine ya kuchukua mizigo, biashara ya watumwa itapotewa na mojawapo ya nguzo zake.

Jaribio la kwanza lilikuwa mito. Wamishenari walikuja na mashua ndogo yenye mtambo wa mvuke, wakaipeleka katika mto Wami, kisha katika mto Kingani, ambao sasa huitwa Ruvu. Walitumaini kwamba maji yatawafikisha mbali barani. Lakini mito ile hupindapinda kama nyoka, na maji yake ni haba mahali pengi. Wakarudi pwani, na mizigo ikafungwa upya ili ichukuliwe na watu. Hata mashua iliyoitwa Daisy ilichukuliwa vipande vipande, na mitambo vile vile.

Mackay alifuata na msafara mmojawapo, lakini kabla hajafika mbali alishikwa na ugonjwa mkali, ikambidi arudi pwani. Alipopona hakukaa bure. Katika mwaka wa 1877, pamoja na kikosi cha wafanya kazi wa Kiafrika, alifungua njia pana kutoka Saadani mpaka Mpwapwa, mwendo wa maili 230. Walikata miti kwa mashoka, wakachimba kingo za mito, wakajaza mashimo. Mahali palipokuwa na njia nyembamba ya mguu, ya kupita mtu mmoja nyuma ya mwenziwe, sasa gari liliweza kupita.

Kisha akaleta magari ya kukokotwa na ng'ombe. Gari moja likienda vema laweza kuchukua mizigo ya wapagazi wengi. Lakini mvua zikanyesha, na magurudumu yakazama matopeni. Tena porini mle mlikuwa na adui mdogo asiyeogopa fimbo wala bunduki, naye ni mbung'o. Ng'ombe walioumwa naye walikonda, wakadhoofika, wakafa. Siku zile watu walijua tu kwamba nzi yule huua wanyama. Sababu yenyewe haikujulikana mpaka miaka ya 1890, wataalamu walipogundua vijidudu vidogo sana katika damu ya wanyama wagonjwa. Basi magari ya ng'ombe yakashindwa, na Mackay akaendelea na safari kwa miguu kama watu wote. Hata hivyo njia aliyoifungua ilibaki, na wasafiri wengi waliitumia baada yake.

5. Mtambo ufukoni Kageye

Mwezi wa Juni mwaka wa 1878 Mackay alifika Kageye, kijiji kilichoko kando ya Nyanza, mashariki ya Mwanza. Alikuta habari za huzuni. Wenzake wawili, Smith na O'Neill, walikuwa wameuawa kisiwani Ukerewe mwezi wa Desemba uliotangulia, katika ugomvi uliotokea kati ya mtemi Lukonge na mfanya biashara aitwaye Songoro. Mali yote ya misheni ilikuwa imerundikwa Kageye ovyo: vyuma vya mitambo, mabamba ya boila, misumeno, karatasi, mashine ya kupiga chapa, vyote pamoja, na kutu juu yake.

Mtu mwingine angaliketi chini akalia. Mackay alivua koti, akaanza kazi. Kwa muda wa siku 10, tangu alfajiri mpaka jioni, alichagua kila kipande, akakisafisha, akakitia mahali pake. Hata mwisho wa siku zile mtambo wa mvuke ulisimama kamili, wala haukupungukiwa na msumari mmoja. Boila nayo ilikuwa tayari kuunganishwa. Lakini mtambo bila chombo cha kuubeba hauendi popote, na Kabaka alikuwa akingoja. Ikawa lazima kuuacha mvuke kwanza, na kuutegemea upepo.

Kabla ya kuondoka alifanya jambo moja la ushujaa. Alikwenda Ukerewe bila silaha, akaonana na Lukonge. Watu wa Kageye walimwonya kwamba hatarudi. Lakini alipokewa vizuri, akakaa siku kadhaa, akafanya urafiki na mtemi yule. Aliporudi salama watu walishangaa. Hivyo kisasi kilizuiwa, na njia ya majini ikabaki wazi.

Ile mashua Daisy ilikuwa imeharibika vibaya. Mbao zake zilikuwa zimepasuka na kuliwa na wadudu. Mackay aliitengeneza, na mwezi wa Agosti akatweka tanga pamoja na mwenzake Wilson. Kila mvuvi wa Nyanza ajua tabia ya upepo wa ziwa hili: waweza kuvuma kwa upole tangu asubuhi, kisha ghafula wingu jeusi likatokea, na mawimbi yakainuka kama ya bahari. Ndivyo ilivyokuwa. Tufani iliwatupa ufukoni upande wa magharibi wa ziwa, na mashua ikavunjika mbele na nyuma.

Hapo Mackay alitumia akili yake ya ufundi. Alikata sehemu ya katikati ya mashua, urefu wa futi 8, akazitumia mbao zake kuziba mbele na nyuma. Mashua ikawa fupi, lakini ikawa nzima. Kazi ile ilichukua majuma 8. Mwezi wa Novemba mwaka wa 1878 wakafika Buganda.

6. Gurudumu katika Buganda

Katika Buganda Mackay alijenga kiwanda chenye tanuru, fuawe na mashine ya kukerezea. Waganda wenyewe walikuwa mafundi wa vitu vingi. Wahunzi wao walijua chuma, na mitumbwi yao mirefu ya mbao zilizoshonwa, yenye wapiga makasia wengi, ilisafiri mbali sana ziwani. Gurudumu lakini lilikuwa jambo geni. Mackay akatengeneza gari, akawafunga ng'ombe, nao wakalikokota, na watu wengi wakakusanyika kulitazama. Akaonyesha pia jinsi gogo kubwa linavyoweza kusukumwa na watu wachache likiwekwa juu ya magogo ya mviringo. Akafundisha vijana kusoma, kupiga chapa, kufua chuma na kupasua mbao. Kwa ajili hiyo watu wakampa jina la Mzungu wa Kazi.

Lakini shida ya usafiri haikuisha. Daisy ilizeeka. Mashua ya pili, iliyoitwa Eleanor, ikaletwa kutoka Uingereza vipande vipande, nayo ikachukuliwa na wapagazi mpaka kusini mwa ziwa. Karibu na mwaka wa 1883 Mackay alivuka Nyanza, akaiunganisha. Kwa miaka mingi mashua ile ilikwenda na kurudi, ikichukua barua, vitabu na vyakula. Hata hivyo ilikuwa mashua ya tanga, na upepo ndio uliokuwa nahodha wake. Upepo ulipotulia, watu walipiga makasia mpaka mikono ikachubuka; ulipokuwa mbaya, walingoja kisiwani siku nyingi, na chakula kikawaishia.

Kabaka Mutesa alikufa mwezi wa Oktoba mwaka wa 1884, na mwanawe Mwanga akatawala. Siku za taabu zikaja. Katika mwaka wa 1885 Askofu Hannington aliuawa njiani kwa amri ya Mwanga, na katika mwaka wa 1886 Waganda Wakristo wengi waliuawa, wengine kwa moto. Mackay alikaa katikati ya hatari ile, akiwa peke yake kwa muda mrefu. Mwishowe, mwezi wa Julai mwaka wa 1887, ikambidi aondoke. Akafunga nyumba, akapanda Eleanor, akaelekea kusini.

7. Boila ya Usambiro

Alifika Usambiro, upande wa kusini wa Nyanza, akajenga tena tangu mwanzo. Alifyatua matofali, akajenga nyumba na kiwanda, akafundisha vijana, akatafsiri maandiko katika lugha ya Kiganda na kuyapiga chapa. Na hapo ndipo alipoirudia kazi aliyoiacha ufukoni Kageye miaka 9 nyuma, yaani kutengeneza chombo cha mvuke kwa ajili ya ziwa.

Kazi hiyo ilikuwa na sehemu mbili. Ya kwanza ilikuwa mbao. Walitafuta miti migumu, wakaikata, wakaileta magogo makubwa kwenye mashimo ya kupasulia. Fundi mmoja alisimama juu ya gogo na mwingine chini shimoni, wakavuta msumeno mrefu mchana kutwa. Ubao mmoja ulitaka jasho la watu wawili kwa saa nyingi. Gari kubwa lenye magurudumu lilitengenezwa ili kuyachukua magogo hayo.

Sehemu ya pili ilikuwa boila. Boila nzima ni nzito mno, wala hakuna mpagazi awezaye kuiinua. Kwa hiyo iliwabidi kuiunganisha huko huko ziwani, bamba kwa bamba. Pembeni mwa kila bamba mna matundu. Mabamba mawili huwekwa ili matundu yakutane, kisha hutiwa misumari minene isiyo na ncha, iitwayo ribiti, iliyotiwa moto mpaka ikawa myekundu. Mtu mmoja huishikilia ribiti upande mmoja, na mwingine huipiga kwa nyundo upande wa pili mpaka kichwa chake kikapanuka. Ribiti ikipoa, hujikunja na kuyabana mabamba pamoja. Kila tundu lataka kazi hiyo, na yako matundu mamia. Likiachwa tundu moja tu bila kubanwa vema, mvuke utapenya, au hata boila yenyewe itapasuka na kuua watu.

Mtu aweza kuuliza: kwa nini jasho jingi hivyo kwa chombo kimoja? Mackay alikuwa amekwisha kupima kila nguvu. Upepo haununuliwi, lakini hautii amri. Makasia hutii amri, lakini humchosha mtu. Ng'ombe wana nguvu, lakini mbung'o huwaua. Mvuke wataka kuni na maji tu, na kando ya Nyanza vitu hivyo viwili vilikuwa tele. Nao hauchoki wala haungoji upepo. Tena kwa safari ya nchi kavu alishauri neno kubwa zaidi. Aliandika mara nyingi kwa watu wa Uingereza kwamba reli ijengwe kutoka pwani mpaka Nyanza. Mtoto yule aliyetembea maili 8 ili kuitazama injini sasa alitaka injini iwafikie watu wa ziwa.

Mwisho wa Agosti mwaka wa 1889 Stanley alifika Usambiro pamoja na msafara wake mkubwa, wakiwa wamechoka sana baada ya safari ya kutoka Kongo. Wakapumzika hapo karibu majuma matatu. Stanley aliona kiwanda kilichojaa zana, akawaona wahunzi wakiishughulikia boila, akaona na magogo yakingoja msumeno. Alimsihi Mackay afuatane naye mpaka pwani, akapumzike kwao, maana alikuwa hajarudi Uingereza tangu mwaka wa 1876. Mackay hakukubali kuiacha kazi kabla mtu mwingine hajaja kushika mahali pake.

Miezi mitano ikapita. Mwanzoni mwa Februari mwaka wa 1890 homa ya malaria ilimshika kwa nguvu. Tarehe 8 Februari alikufa, naye alikuwa na umri wa miaka 40 tu. Chombo chake cha mvuke kilikuwa hakijashuka majini. Wakamzika pale pale Usambiro. Baadaye, katika mwaka wa 1927, mifupa yake ilichukuliwa ikazikwa Namirembe, katika Buganda.

8. Waliokuja nyuma yake

Je, kazi ya Mackay ilikuwa bure? Ukitazama siku ile ya kufa kwake, waweza kusema hivyo. Lakini endelea kuhesabu miaka. Katika mwaka wa 1900 meli ya mvuke iitwayo William Mackinnon ilishushwa majini Kisumu. Nayo pia ililetwa vipande vipande, na vipande vingi vilichukuliwa na wapagazi. Mwezi wa Desemba mwaka wa 1901 reli kutoka Mombasa ikafika ziwani. Katika mwaka wa 1928 reli kutoka Tabora ikafika Mwanza. Tangu siku hizo, safari iliyokuwa ya miezi ikawa ya siku chache, na mzigo wa wapagazi elfu ukavutwa na injini moja.

Lakini mvuke nao ulionyesha gharama yake. Meli za Nyanza zilichoma kuni, na kuni zile zilikatwa katika misitu ya pwani za ziwa. Kilichoonekana kuwa tele kilianza kupungua. Kisha zikaja injini za mafuta ya dizeli, zenye nguvu zaidi na ukubwa mdogo. Mafuta hayo hutoka mbali, na moshi wake huchafua hewa, hata kuiongezea dunia joto.

Kwa hiyo utafutaji haujakoma. Katika mwaka wa 2024 treni za umeme zilianza kuchukua abiria kati ya Dar es Salaam na Dodoma, na ujenzi wa reli ya namna hiyo kutoka Mwanza kwenda Isaka ulianza mwaka wa 2021. Huko Ujerumani, nchi ambako Mackay alichora mitambo yake, treni iendeshwayo kwa hidrojeni ilianza kuchukua abiria katika mwaka wa 2018. Hidrojeni ni hewa nyepesi kuliko zote, nayo imo ndani ya maji, hata haya ya Nyanza, maana maji ni hidrojeni na oksijeni zilizoungana. Katika treni ile hidrojeni huunganishwa tena na oksijeni. Muungano huo hutoa umeme wa kuendeshea magurudumu, na badala ya moshi hutoka mvuke na maji. Lakini hapa pia mna gharama: kuitoa hidrojeni katika maji kwataka umeme mwingi, na umeme huo sharti upatikane kwanza, labda kwa jua, au kwa upepo, au kwa maporomoko ya mito. Hakuna nguvu ipatikanayo bure.

Haya ndiyo mafundisho ya maisha ya Mackay. Hakuidharau nguvu yoyote, wala hakuiamini yoyote kabla ya kuipima. Mto uliposhindwa alifungua njia. Ng'ombe walipokufa alitweka tanga. Mashua ilipovunjika aliikata, akaitengeneza upya. Na kifo kilimkuta katikati ya kazi. Waliokuja nyuma yake walianzia mahali alipoishia.

Basi ewe mwanafunzi, utakaposimama tena ukingoni pale Mwanza, ukitazama kasia, na tanga, na injini, jiulize maswali matatu aliyojiuliza fundi yule juu ya kila chombo: nguvu hii yatoka wapi, nani huilipia, na je, iko nyingine iliyo bora? Huenda jibu la swali la tatu bado lakungoja wewe.